Maji Yasiyofika Baharini: Siku Nane Kutoka Nairobi Hadi Chalbi

Siku ya kwanza: Nairobi hadi Marsabit

Tulitoka South C saa 11 alfajiri, watu watatu: shemeji kwenye usukani, mimi kando yake, na mwanawe wa miaka 12, mpwa wangu, kiti cha nyuma pamoja na mitungi sita ya maji. Agosti Nairobi ni mwezi wa sweta. Dada alikuwa ametufungia blanketi mbili za ziada. Shemeji alizirudisha ndani taratibu, akaweka mtungi wa saba mahali pake.

Shemeji ni Mgabra, wa jamii ya wafugaji wa ngamia, kutoka Maikona, na tangu amwoe dada yangu amenialika kwao kila likizo. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kwa miaka 19 nimechora ubaoni Chalbi, jangwa la kaskazini mwa Kenya, bonde lisilo na mlango: mistari ya mito inaingia, hakuna mstari unaotoka, na katikati naweka nukta nyingi za chumvi. Wanafunzi wangu wamelichora kwenye mitihani wakapata alama zao, nami sijawahi kulikanyaga. Jambo hilo lilikuwa limenikaa rohoni muda mrefu.

Mpwa nilimpa daftari na kazi moja. Kila mto tunaouvuka, aandike jina lake na mahali maji yake yanapoishia. Alianza na mto wa kwao nyumbani: Nairobi huingia Athi, Athi hugeuka Galana kisha Sabaki, na Sabaki humwaga maji kaskazini ya Malindi. Bahari. Tulipofika Thika akaandika Chania na Thika, zote mbili za Tana, na Tana huishia Kipini. Bahari. Sagana, bahari. Hadi Karatina ukurasa mzima ulikuwa na neno hilo moja, na mtoto akaanza kuona kazi yenyewe haina ladha.

Neno lilibadilika Nanyuki, pale pale penye ikweta. Mto Nanyuki hauendi mashariki kwa Tana, unakwenda kaskazini kuungana na Ewaso Ng'iro, na Ewaso Ng'iro hauna bahari. Unapita Samburu na Isiolo, unazidi kupungua, kisha unazama katika kinamasi cha Lorian. Mafuriko makubwa tu ndiyo huusukuma zaidi ya hapo, upande wa Somalia. Mpwa alisimamisha kalamu. "Mjomba, mto unaweza kuishia nchi kavu?" Nikamwambia asubiri.

Baada ya Timau barabara huteremka, na kutoka urefu wa zaidi ya mita 2,000 unaiona kaskazini yote imelala chini, ya rangi ya vumbi, milima michache ikiwa imesimama peke yake kama watu waliosahauliwa kituoni. Isiolo tulivua sweta. Archer's Post tulivuka Ewaso Ng'iro, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kutoka hapo lami ni nyoofu na safi hadi Marsabit: Merille, Laisamis, Logologo. Shemeji anakumbuka enzi za lori la mifugo kwenye barabara hii, kabla ya lami, mtu akiketi juu ya vyuma na ng'ombe chini yake, siku mbili na zaidi. Sisi tulifika jua likitua.

Siku ya pili: Marsabit hadi Maikona

Tuliamka ndani ya ukungu. Mlima Marsabit ni volkano iliyozimika, umezungukwa na jangwa pande zote, na kwa kuwa umeinuka hadi mita 1,700 unanasa mawingu yanayopita juu ya nchi kavu bila kusimama. Ndiyo maana una msitu. Msitu huo ndiko alikoishi Ahmed, ndovu wa pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya serikali hadi alipokufa mwaka 1974. Mpwa anamjua vizuri, kwa sababu sanamu yake imesimama katika ua wa makumbusho ya Nairobi na wamepiga naye picha na darasa zima.

Kuteremka kutoka Marsabit ni somo la saa mbili. Miti inakuwa vichaka, vichaka vinakuwa miiba, miiba inakuwa mawe. Mawe yenyewe ni meusi, ya zaha iliyomwagika zamani, yametapakaa hadi macho yanapoishia na makubwa kiasi cha kichwa cha mbuzi. Tuliacha lami upande wa Bubisa na gari likaanza kutetemeka. Saa tatu asubuhi tulikuwa tumevaa shati za mikono mirefu, si kwa baridi tena, kwa jua.

Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi 6 na nusu hivi kila unapopanda mita 1,000, na unaposhuka huongezeka vivyo hivyo. Nairobi iko kwenye mita 1,700 na ushei. Sakafu ya Chalbi haizidi mita 400 hivi. Hesabu hiyo peke yake inakupa zaidi ya nyuzi 8. Zinazobaki zinatokana na ukavu. Nairobi sehemu ya nguvu za jua hutumika kukausha udongo na majani. Hapa hakuna cha kukausha, kwa hiyo jua lote linaishia kwenye jiwe, na jiwe linakurudishia wewe. Nimeyafundisha haya mara nyingi, lakini ni hapa tu, nilipoweka mkono kwenye mlango wa gari nikautoa haraka, ndipo sentensi ile ya mwisho ilipopata uzito.

Wanafunzi hupenda kusikia kuhusu Danakil kule Afar, ambako nchi imezama zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, au Ziwa Assal la Djibouti, mita 155 chini, mahali pa chini kuliko pote Afrika. Chalbi haijafika huko, lakini ni mtoto wa ukoo huohuo: ardhi iliyovutwa na kunyooshwa, volkano pembeni, maji yanayoingia yakakosa pa kutokea.

Maikona tulipokewa na mama yake shemeji, ambaye nami namwita mama. "Nagaa," alisema, na mpwa akamjibu "nagaa" bila kusaidiwa. Neno hilo ni amani, na kwao salamu ni kuulizana amani ya kila kitu: ya watu, ya mifugo, ya njia mliyopita. Wanawe wamemjengea nyumba ya mabati yenye vyumba viwili. Mama huweka humo magunia na sanduku. Analala katika nyumba yake ya zamani iliyo kando, ya fito zilizopindwa, mikeka ya katani na ngozi, ile inayofunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia watu wanapohama. Niliingia zote mbili saa nane mchana. Ya mabati sikuweza kukaa hata nusu dakika. Ya mikeka upepo ulikuwa unapita chini chini, na giza lake lilikuwa na ubaridi.

Tulipewa chai ya maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi, kwa sababu chombo cha maziwa hufukizwa kwa vijinga kabla ya kutumiwa. Mama alimwuliza mjukuu daftari lile ni la nini. Shemeji akatafsiri. Mama akafikiri kidogo, akasema jambo ambalo shemeji aliliwasilisha hivi: "Anasema huku ungeandika kinyume. Sisi hatuulizi maji yanakwenda wapi. Tunauliza yametoka wapi."

Siku ya tatu: Chalbi

Shemeji hakubali mtu aingie Chalbi jua likiwa juu. Saa 11 na nusu alfajiri tulikuwa ukingoni, mawe meusi yakaisha ghafla kama zulia lililokatwa kwa kisu, na mbele yetu pakawa hapana kitu.

Nisahihishe. Macho ya mtu wa mjini huona hapana kitu. Sakafu ni tambarare ya udongo wa kijivu uliopasuka vipande vipande, na juu yake utando mweupe wa chumvi unaolia chini ya kiatu kama bisi. Anga ni kubwa kupita kiasi. Upande wa kusini magharibi Mlima Kulal ulikuwa mstari wa buluu, na kaskazini vilima vya Hurri. Baina ya hivyo viwili hakuna kichaka, hakuna jiwe, hakuna kivuli kinachozidi urefu wa mtu aliyesimama. Watu wa hapa wanasema jina Chalbi lenyewe lina maana ya mahali patupu penye chumvi.

Mvua ya hapa haifiki milimita 200 kwa mwaka, na hiyo nayo huja kwa siku chache. Lakini inaponyesha Marsabit, Kulal na Hurri, maji huteremka kwa makorongo na kukutana hapa. Hayana pa kwenda, kwa hiyo husubiri jua liyanyanyue, na kila tone linapoondoka huacha chumvi kidogo liliyoikwangua kwenye miamba njiani. Fanya hivyo kwa maelfu ya miaka. Mvua za mwishoni mwa 2023 zilifanya uwanja huu ziwa, magari yakawa yanazunguka mbali. Hata sasa shemeji hafuati sehemu iliyo laini na kupendeza machoni. Anafuata alama za matairi ya zamani, maana utando huo ni kama ngozi juu ya uji: juu pamekauka, chini tope.

Kufikia saa tatu mpwa aliona ziwa. Alilionyesha kwa kidole, maji ya buluu kabisa yenye mikoma ikisimama ndani yake. Tulikwenda kuelekea huko nusu saa. Ziwa likarudi nyuma nusu saa. Ni mazigazi: hewa iliyo karibu na ardhi ni moto kuliko iliyo juu yake, mwanga wa anga unapindwa kabla haujafika chini, na jicho linaona anga mahali pa ardhi. Nilimweleza. Akaniuliza mbona maji hayo yalikuwa mahali ambapo maji yangepaswa kuwa.

Hilo sikulijibu mara moja, kwa sababu jibu lake ndilo lililonileta. Shemeji alisimamisha gari kwenye kituta fulani cha changarawe kilichoinuka kidogo, akainama, akamtilia mwanawe kiganjani maganda ya konokono, meupe, membamba kama ukucha. Konokono wa majini. Hapa palikuwa ziwa kweli. Miaka kama 10,000 iliyopita mvua za Afrika zilikuwa nyingi, hata Sahara ilikuwa na majani, na Chalbi ilijaa hadi ikafurika kuingia Ziwa Turkana. Ziwa Turkana nalo lilipanda karibu mita 100 juu ya kimo chake cha siku hizi, likapata njia upande wa kaskazini magharibi, likamwagikia Mto Nile. Kwa hiyo tone lililoanguka Marsabit enzi hizo lingeweza kupita hapa tuliposimama, likavuka ziwa, likashika Nile, likaishia Mediterania.

Mpwa alikaa kwenye kivuli cha gari akaandika. Nilichungulia baadaye. Alikuwa ameandika: *Chalbi. Leo: angani. Zamani: bahari ya Misri.*

Karibu na Kalacha tulimkuta mama mmoja na bintiye wakikwangua chumvi kwa kipande cha bati, punda wao akiwa amesimama na magunia mawili. Tuliamkiana, tukaulizana amani. Chumvi hiyo ni ya mifugo kwanza, ngamia wasipoipata hudhoofika. Mwaka mzima watu huleta makundi yao ukingoni mwa uwanja huu kwa ajili yake. Kile ambacho mimi ubaoni nakichora kama mabaki, hapa ni dukani.

Siku ya nne: Kalacha

Hatukusafiri. Nilikuwa nimeomba siku moja ya kukaa tu, na ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote.

Kalacha ina chemchemi. Unatoka kwenye uwanja wa chumvi na kukuta maji yanatiririka, mikoma imejipanga, ndege wanapiga kelele. Hurri ni vilima vya zaha yenye matundu matundu. Mvua inayoanguka huko haitiririki sana juu ya ardhi, inazama. Inatembea chini ya mawe polepole, na mawe yanapokutana na udongo mzito wa Chalbi maji yanazuiwa na kulazimika kutoka nje. Nilimkumbuka mama wa Maikona na swali lake. Mtu anayeishi hapa lazima ajue maji yametoka wapi, kwa sababu hilo ndilo linalomwambia yatakuwepo mwakani au la.

Asubuhi ngamia walikuja kunywa. Kiangazi kikikolea hunyweshwa baada ya siku 10 au zaidi, kwa hiyo hawakuja kwa haraka wala vurugu. Walisimama kwa makundi, kila kundi likingoja kuitwa. Vijana wawili walikuwa wakiteka na kumimina kwenye birika wakiimba, mmoja akianza, mwingine akimalizia. Ngamia mmoja jike aliinamisha kichwa, mpwa akaanza kuhesabu kwa saa yake ya mkononi. Dakika nane hakuinua kichwa. Ngamia aliyekaukiwa anaweza kunywa kama lita 100 kwa robo saa, kiasi ambacho mnyama mwingine kingemwua, na kabla ya hapo anaweza kupoteza robo ya uzito wake bila kuanguka. Nundu yake ni mafuta, si tangi la maji. Mzee mmoja aliyekaa nasi kivulini alicheka kidogo aliposikia kwamba kuna wanaoamini kuwa ni tangi.

Mzee huyo alikuwa na ngamia 40 kabla ya ukame wa 2020 hadi 2023. Misimu mitano ya mvua mfululizo haikuja. Kenya nzima ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Ng'ombe walikwisha kwanza, halafu kondoo na mbuzi, na mwishowe hata ngamia, na ngamia akifa kwa ukame watu hapa huanza kuongea kwa sauti ya chini. Yeye alibakiwa na saba. Nilimwuliza aliishije. Akanijibu kwa Kiswahili chake, polepole: "Nilipewa."

Wagabra wana desturi ya *dabare*. Mwenye ngamia humpa jike mwenzake aliyepungukiwa, akakaa naye miaka. Anayepokea anakunywa maziwa na kulea. Ngamia hubaki wa mwenyewe. Wakati huohuo huyo mwenye ngamia naye huwa amepewa wa watu wengine, kwa hiyo kundi moja unaloliona linaweza kuwa la nyumba nane. Ukame ukipiga upande mmoja, si kila kitu cha mtu kiko upande huo. Mzee aliwaonyesha kwa fimbo: yule wa fulani, yule wa shemeji yake aliye Hurri, yule mweupe wa marehemu kaka yake. Wanne tu kati ya wale waliokuwa mbele yetu ndio aliowaita wake.

Nimesoma ripoti nyingi zinazoiita nchi hii tupu na watu wake wazururaji. Nasema bila kusita kwamba aliyeziandika hakukaa kivulini na mzee huyu asubuhi moja. Hakuna hatua ya mifugo hapa isiyopimwa: kisima gani kina maji matamu na kipi kina chumvi, majani ya wapi hunona baada ya mvua ya kwanza, ngamia wasiokamwa wapelekwe wapi na vijana gani. Wanaotoa maziwa hubaki karibu na nyumba. Wengine huenda *fora*, kambi za mbali, miezi mingi. Nchi yenye mvua ya kubahatisha haiwezi kukaliwa kwa kusimama mahali pamoja.

Usiku tulilala nje. Upepo wa mashariki haukukatika hata dakika moja. Mpwa alilala akiwa ameshika maganda yake ya konokono.

Siku ya tano: Kalacha hadi Loiyangalani

North Horr, mchanga. Chai. Pancha ya kwanza kabla ya kijiji cha Gas, ya pili baada yake, na gurudumu la akiba likawa limekwisha, kwa hiyo tulisaidiwa na lori la samaki lililokuwa likirudi tupu. Dereva hakutaka pesa. Alitaka maji, tukampa mtungi mzima.

Kulal tuliizunguka mchana kutwa. Upande wake wa mashariki makorongo yanaelekea Chalbi, upande wa magharibi yanaelekea ziwa. Mpwa alichora mlima na mishale miwili.

Jioni barabara ilipinda kwenye mawe, na ziwa likatokea lote kwa mara moja. Lilikuwa kijani kibichi, kwa mwani ulio ndani yake, na lilikuwa na mawimbi kama ya pwani. Nilikaa kimya. Shemeji pia alikaa kimya, na yeye analijua tangu utotoni.

Siku ya sita: Ziwani

Ziwa Turkana liko kwenye kimo cha mita 360 hivi, na ndilo ziwa la kudumu la jangwani lililo kubwa kuliko yote duniani. Wasafiri wavumbuzi kutoka Ulaya, Teleki na von Höhnel, walifika hapa Machi 1888 wakaliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wa Austria. Wenyeji walikuwa na majina yao. Kenya ililiita Turkana mwaka 1975. Mto Omo wa Ethiopia ndio unaoleta karibu asilimia 90 ya maji yake, na hakuna tone linalotoka ila kwa jua, ambalo hunyanyua zaidi ya mita 2 kila mwaka. Samaki bado wanakumbuka njia ya zamani: mbuta na ngege waliomo ni wa ukoo wa Nile, na mamba ni wa Nile, ingawa Nile iliachana na ziwa hili miaka elfu kadhaa iliyopita.

Tulikwenda kwa Waelmolo. Ni jamii ndogo sana, wavuvi, na lugha yao ya asili imekwisha midomoni. Leo wanazungumza Kisamburu. Kijiji cha Komote kilikuwa bara. Maji yalipopanda miaka ya karibuni njia ikazama, Komote ikawa kisiwa, na watoto wakaanza kwenda shule ya Layeni kwa boti. Mama aliyetuuzia shanga alituonyesha kwa mkono mahali nyumba yake ilipokuwa. Palikuwa na mawimbi. Alisema pia kwamba makaburi ya wazee wao yamo humo.

Fikiria: mahali ambapo mvua ni nadra kiasi hiki, watu wamehamishwa na maji. Mvua hiyo ilinyesha mamia ya kilomita kutoka hapa, juu ya milima ya Ethiopia. Na katika miaka hiyo hiyo kuna hofu ya upande wa pili, kwamba bwawa la Gibe III lililojengwa kwenye Omo na mashamba ya umwagiliaji yaliyo chini yake yatalinyima ziwa maji. Kwa sababu hiyo UNESCO iliziweka mbuga za ziwa hili kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2018. Bonde lisilo na mlango halina la kuamua. Linapokea kinachofanywa juu.

Watu wazima wengi tuliokutana nao wana meno ya rangi ya kahawia, na wazee wengine miguu imepinda. Ni floridi iliyo ndani ya maji ya ziwa. Nayo huingia isitoke. Nilimwona mtoto akichota kwa kikombe na kunywa, na moyo wangu ukauma, maana nilijua kilichomo na yeye hakuwa na maji mengine.

Ng'ambo, upande wa magharibi, ni Nariokotome. Huko Kamoya Kimeu, mtafutaji wa mifupa ya kale, aliona kipande kidogo cha fuvu mwaka 1984, kikawa mwanzo wa kufukua mifupa ya yule kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita ambaye mpwa amemwona kwenye makumbusho. "Kwa nini alikutwa huku na si Nairobi?" aliniuliza. Kwa sababu hapa tope huja na kukaa. Mito inaleta matope, yanafunika mfupa, hayasombwi kwenda baharini. Alijaza chupa ya nusu lita maji ya ziwa, akaandika tarehe kwa kalamu ya wino. Sikumwuliza ya nini.

Siku ya saba: Loiyangalani hadi Isiolo

Usiku upepo ulitikisa mabati hadi nikadhani paa linaondoka. Hewa inayotoka upande wa Bahari Hindi hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, na ikibanwa inaongeza kasi, kama maji kwenye mpira unaoukaba kwa kidole gumba.

Ndiyo maana Sarima pana mitambo 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019. Tulipita katikati yake asubuhi. Nyaya zake zinasafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, na kutoka huko ndizo taa zetu za Nairobi. Mwaka 2021 mahakama ya Meru ilisema ardhi hiyo ilipatikana bila kufuata utaratibu. Nilimtazama mchungaji mmoja na mbuzi zake chini ya panga linalozunguka, nikajiona mdaiwa.

Kutoka hapo barabara ni nzuri hadi Laisamis, halafu lami. Isiolo tulikula nyirinyiri, nyama iliyokaushwa, na chapati, tukalala kama mawe.

Siku ya nane, na baada yake

Timau tulivaa sweta. Daftari lilirudi kwenye neno lake la zamani: bahari, bahari, bahari. Saa tisa tulikuwa Thika Road kwenye msongamano, mvua ya manyunyu ikipiga kioo, na maji yakikimbia kwenye mtaro kuelekea Athi bila mtu hata mmoja kuyaangalia.

Dada alipokea alichotumiwa na mama mkwe: chombo cha maziwa kilichosukwa, chenye harufu ya moshi, na kifurushi cha chumvi. Alikinusa chombo kile kwa muda mrefu.

Mpwa alimimina maji ya ziwa kwenye sahani, akaiweka dirishani chumbani kwake na kukataza mtu yeyote asiiguse. Agosti ya Nairobi haikaushi kitu haraka. Ilichukua siku sita. Siku ya saba alinipigia simu kabla hajaenda shule kuniambia sahani imekauka na kwamba pembeni pamebaki mduara mweupe, mwembamba, unaokwaruza ukipitisha kidole. Alikuwa ameulamba kidogo.

Jioni alimpigia nyanya yake Maikona, babake akatafsiri. Nyanya alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kama huko Nairobi mvua imenyesha.

"Inanyesha sasa hivi," akasema mpwa, na akaisogeza simu dirishani asikie.